Shaba na Shamba

Mwaka 1861 Jean-François Millet alimchora mama mmoja wa kijijini akimlisha mwanawe uji. Amempakata mtoto, ameinua kijiko, amekunja midomo, anapuliza. Basi, kisa chote ni hicho. Lakini isogelee karatasi. Shavu la yule mama limetokana na mistari michache mifupi, na katikati yake karatasi imeachwa nyeupe. Kivuli kilichomzunguka ni mistari iliyopishana mara nyingi, mingine hafifu sana, mingine imekolea mpaka wino umetuna juu ya karatasi, na ukipewa ruhusa ya kuugusa utauhisi kwa ncha ya kidole. Kivuli kile hakikupakwa kwa brashi. Tindikali ndiyo iliyokila ndani ya bamba la shaba, dakika baada ya dakika, huku msanii amesimama kando anaitazama.

Ufundi huu wa kuchora kwa sindano na kuchimba kwa tindikali umekuwapo Ulaya kwa takriban miaka 500. Chimbuko lake ni karakana za silaha. Mafundi wa deraya walikuwa wakitia nakshi kwenye chuma kwa tindikali, na mmoja wao, Daniel Hopfer wa mji wa Augsburg, ni miongoni mwa wa kwanza kuchukua bamba lililochimbwa hivyo, kulipaka wino na kulichapa kwenye karatasi. Historia hiyo ni ndefu na wengi wameiandika. Mimi ninachotaka kukitazama ni kazi yenyewe, jinsi inavyofanyika mkononi, na kwa nini iliwafaa mno watu waliotaka kuonyesha maisha ya shamba.

Tuanze na bamba. Mara nyingi ni shaba nyekundu, unene wake milimita moja au mbili, imesuguliwa mpaka unajiona uso. Kingo hupigwa tupa ziwe na mteremko, la sivyo zitaikata karatasi mashineni. Kisha bamba hutolewa mafuta kwa unga wa chaki uliochanganywa na siki au amonia. Fundi hulisugua, hulisuuza, halafu huyatazama maji. Yakijikusanya matone matone, ujue mafuta bado yapo, hata kama ni ya kidole kilichogusa mara moja tu. Yakitanda bamba zima bila kukatika, shaba iko safi.

Juu ya shaba hiyo safi hupakwa utando wa nta, lami na ulimbo. Huyeyushwa kwenye bamba lililopashwa moto, kisha husambazwa kwa rola au kwa kidonge cha ngozi mpaka uwe mwembamba na sawasawa kila mahali. Wanaofuata njia ya zamani hulining'iniza bamba uso chini na kulipitishia mishumaa, moshi uingie katika nta na kuifanya nyeusi tii. Jambo hilo lina faida yake kwa macho, maana juu ya weusi ule kila mkwaruzo wa sindano unang'aa kwa rangi ya shaba. Kwa hiyo mchoraji anafanya kazi kinyume mara mbili. Kila panapong'aa sasa patakuwa peusi kwenye karatasi, na kila anachokiweka kulia kitatokea kushoto. Ukiona mkulima aliyechapwa ameshika chombo kwa mkono wa kushoto, usikimbilie kusema alikuwa wa shoto.

Sindano haichimbi. Inafungua njia katika nta tu, na shaba iliyo chini haijaguswa. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya ufundi huu na ule wa kuchonga bamba kwa tindo, ambao unadai nguvu ya mkono na miaka mingi ya uanagenzi. Anayetumia tindo husukuma chuma ndani ya chuma, na mstari wake hutoka mnyoofu, wa heshima, wenye nidhamu ya karakana. Anayetumia sindano juu ya nta ana mkono huru kabisa. Anaweza kutetemesha mstari, kuukatiza, kuurudia, kuuacha ukapotea. Ndiyo maana wachoraji waliipenda njia hii. Paa la nyasi lililochakaa, ua uliolegea, manyoya ya kondoo, kitambaa cha kichwa kilichofuliwa mpaka kikalainika, vyote hivyo havina mstari mnyoofu hata mmoja.

Halafu bamba linaingia kwenye tindikali. Ikiwa ni tindikali ya nitriki, viputo huanza kujipanga juu ya kila mstari, na fundi huchukua unyoya wa ndege na kuvifagia polepole, kwa sababu kiputo kikikaa mahali pamoja muda mrefu kinazuia tindikali isile, na mstari utatoka na mapengo. Wengine leo hutumia kloridi ya chuma, isiyotoa mvuke mkali wala viputo, na hapo bamba hukaa kimya katika maji ya rangi ya kahawia na unachokitegemea ni saa yako. Katika hatua hii sindano haina kazi tena. Kinachoamua ni muda. Mistari ya mbali, mawingu na miti ya upeoni, hutosheka na dakika chache. Bamba hutolewa, husuuzwa na kukaushwa, na mistari hiyo huzibwa kwa vanishi ili isiendelee kulika. Bamba hurudi ndani. Mistari ya katikati hupata zamu yake, nayo huzibwa. Mwisho hubaki ile ya mbele kabisa, kivuli kilicho chini ya viatu, ukingo wa sketi nzito, mpini wa sepetu, na hiyo huachwa nusu saa au zaidi, kutegemea ukali wa tindikali na joto la chumba.

Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye thamani yote ya ufundi huu. Katika picha ya namna hii weusi ni kipimo cha muda. Mstari mweusi kuliko mwingine umekaa zaidi ndani ya tindikali, shimo lake ni la kina, limebeba wino mwingi. Hakuna kuharakisha. Ukiongeza ukali wa tindikali ili umalize mapema, kingo za mstari hupasuka na nta huanza kubanduka, na vidoa visivyotakiwa huchimbika popote utando ulipokuwa na ufa. Fundi anasubiri, anatoa, anatazama kwa kioo cha kukuza, anapapasa kwa ncha ya sindano kuhisi kina, anarudisha. Anayejua kungoja mvua na kungoja mazao yakauke ataielewa subira hiyo bila kuelezwa.

Millet alikuwa mmoja wa watu hao. Alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, pwani ya Normandie, Ufaransa, kwenye ukoo wa wakulima, na akafanya kazi za shamba pamoja na baba yake kabla ya kwenda kujifunza uchoraji mjini Cherbourg na baadaye Paris. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa Fontainebleau, pamoja na rafiki yake Charles Jacque, na Millet akafanya makao huko mpaka alipofariki mwaka 1875. Jacque alikuwa bingwa wa sindano. Alichapa picha mamia, nyingi za kondoo, kuku na mazizi. Za Millet hazifiki hata 30. Lakini katika idadi hiyo ndogo, hasa zile alizozifanya kwa mfululizo mwaka 1855 na 1856, sioni bamba lililopotezwa bure.

Orodha ya mada zake inasomeka kama ratiba ya nyumba ya mkulima. Mwanamke anashona. Mwanamke anasukasuka maziwa ndani ya chombo kirefu cha mbao apate siagi, na paka anajisugua kwenye sketi yake. Mwanamke anachambua sufu. Mwanamume anasukuma toroli. Wanaume wawili wanalima kwa sepetu. Wanawake wawili wanafanya kazi ya mkono usiku kwa mwanga wa taa moja. Wanawake watatu wanaokota masazo ya mavuno.

Nikae kidogo na hao watatu, maana wengi wanawajua kwa rangi ya mafuta. Mchoro wa rangi, ulioonyeshwa Paris mwaka 1857 na ambao sasa uko katika makumbusho ya Orsay, ulizua maneno mengi kati ya wakubwa wa mji. Kuokota masazo ilikuwa ruhusa ya maskini. Baada ya mwenye shamba kubeba mganda wake wa mwisho, waliruhusiwa kuingia kuokota masuke yaliyodondoka, suke moja moja, kabla jua halijazama. Kumpa mwokota masazo nafasi kubwa mbele ya picha kuliwakera watu waliozoea kuona miungu na majenerali mahali hapo. Lakini kabla ya mchoro ule kulikuwa na bamba la shaba, la sentimita 19 kwa 25 hivi, ambamo Millet aliupima uzito wa migongo ile kwa sindano.

Katika bamba hakuna rangi ya kukusaidia, hakuna dhahabu ya jua la jioni. Kuna mistari tu, na Millet anajua kuibania. Wawili wameinama kabisa, mmoja ameinuka nusu. Migongo yao ameijenga kwa mistari inayofuata mwinuko wa mwili, kisha kivuli cha upande wa chini amekikoleza kwa mistari inayokata ile ya kwanza. Anga ameiacha wazi. Marundo ya miganda, kule nyuma, yako mbali sana, yameguswa kwa mistari iliyokula dakika chache tu ndani ya tindikali, na wepesi huo ndio unaokuambia kwamba mavuno yenyewe, ngano yenyewe, mali yenyewe, iko kule na ni ya mtu mwingine. Waokota masazo wamechimbwa kwa kina. Walio na mali ni hafifu. Msanii hajaandika neno lolote la siasa. Amegawa muda wa tindikali tu.

Wale wanaume wawili wa sepetu nao hawakosi kunishangaza. Van Gogh aliwanakili mwaka 1880, wakati ndiyo kwanza ameamua kuwa msanii, na akarudi kuwachora tena kwa rangi mwaka 1889. Naona sababu. Miili yao miwili ni kama mwendo mmoja uliokatwa mara mbili, kazi ile ile katika sehemu mbili za pumzi. Suruali zao hazijachorwa kama nguo. Zimechorwa kama uzito unaoshuka. Hakuna mikunjo ya mapambo, na mistari yote inavuta chini, kuelekea udongo, na udongo wenyewe ni mikato mifupi iliyotupwa huku na huku kama mtu aliyekuwa na hamu ya kuulima kwa sindano. Aliyewahi kushika jembe atazijua nyonga zile. Mchoraji wa mjini angehangaika na uso. Millet anajua kwamba mtu anayelima huonekana mgongo kwanza.

Hakuanzisha yeye mada hizi. Karne mbili kabla yake, katika mji wa Haarlem, Adriaen van Ostade alichapa mabamba yapatayo 50, karibu yote ya watu wa vijijini: familia ndani ya chumba kimoja chenye moshi, wapiga zeze, wavuta kiko, nguruwe anachinjwa usiku. Katika bamba moja la mwaka 1652 mwanamke anasokota uzi nje ya mlango wa kibanda chake, na nguruwe wamejilaza hapo hapo, na mzabibu umeparamia ukuta. Rembrandt naye, ambaye alichapa karibu picha 300 za kila namna, mwaka 1635 alimweka bibi kizee mtaani akikaanga chapati za maji. Mbele ya picha kuna mtoto mdogo anayejipinda kuiokoa chapati yake kutoka kwa mbwa. Nampenda sana mtoto yule. Amechorwa kwa mistari ya haraka isiyokamilika, na hasira na hofu yake vyote vipo.

Millet aliwajua watu hawa wawili na aliwaheshimu. Tofauti ni kwamba Ostade anawatazama wanakijiji wakiwa wamepumzika, wanakunywa, wanacheza, na mara nyingine anawatazama kwa tabasamu la mtu wa mjini. Millet anawatazama wakiwa kazini, naye amesimama kwenye mfereji ule ule waliosimama wao. Katika bamba lake la mwaka 1863, la mume na mke wanaokwenda shambani alfajiri, mwanamume amebeba uma wa kupindulia majani begani, na mke amejifunika kikapu kichwani kama kofia kubwa, mikono ibaki na nafasi. Kikapu kile hakiwezi kubuniwa na mtu anayekaa hotelini. Ni jambo la mtu aliyewaona wanawake wa kwao wakifanya hivyo kila asubuhi mpaka likawa halistahili hata kutajwa.

Baada ya tindikali kuna kazi ya pili, ya mchapaji, nayo ni ufundi kamili. Utando wa nta huondolewa kwa tapentaini. Bamba hupashwa moto kidogo na kupakwa wino mzito, ukisukumwa uingie katika kila mfereji. Kisha hufutwa kwa kitambaa chepesi chenye matundu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwisho kwa kiganja kilichopakwa chaki kidogo, mkupuo mwepesi unaopita juu bila kuufikia wino ulio ndani. Kiganja kikibonyeza sana, mistari inabaki na njaa. Kikipita juu juu, picha nzima inatoka imevimba. Karatasi huwa imelowekwa tangu mapema ili ilainike, na hulazwa juu ya bamba, hufunikwa kwa blanketi za sufu, na vyote hupitishwa kati ya rola mbili za mashine kwa shinikizo kubwa. Karatasi huingia ndani ya mistari kwenda kuufuata wino. Ndiyo maana wino umetuna, na ndiyo maana pembeni mwa picha unaona alama ya bamba iliyodidimia. Ukitaka kujua kama picha ya namna hii ni ya kweli au ni nakala ya matbaa ya kawaida, ielekeze kwenye mwanga wa pembeni, utafute mdidimio huo.

Mjini Paris bingwa wa kazi hii alikuwa Auguste Delâtre, na wachoraji wengi wa wakati ule, Millet akiwamo, walimpelekea mabamba yao. Delâtre alikuwa na tabia ya kutolifuta bamba likawa safi kabisa. Aliacha utando mwembamba wa wino mahali palipohitaji utusitusi, na baada ya kufuta alipitisha kitambaa laini juu ya mistari ili wino uchungulie kidogo na kuifanya minene. Walikuwapo waliomlaumu kwamba mchapaji anajifanya mchoraji. Mimi siko upande wao. Picha ya wanawake wawili wanaofanya kazi usiku chini ya taa inataka giza lenye hewa ndani yake, na giza la namna hiyo halipatikani kwa sindano peke yake.

Afrika Mashariki nayo imeijua mashine hii. Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, ilikuwa na karakana ya kuchapa, na wasanii wa asili ya kusini mwa Tanzania kama George Lilanga na Robino Ntila walichora kwa sindano na tindikali humo. Lilanga, aliyetoka kwenye uchongaji wa mpingo, aliyaleta kwenye bamba mashetani yake yenye masikio makubwa, nayo yanatenda mambo ya kijijini kabisa: yanabebana, yanapiga ngoma, yanagombana, yanapika. Mistari yake ni minene na ya duara, haina haja na vivuli vya Millet. Chombo ni kile kile, macho ni mengine. Laiti zingekuwapo karakana nyingi zaidi za namna ile. Mashine ya kuchapia ikitunzwa inapita umri wa mtu, na bamba moja linaweza kumpa msanii karatasi nyingi za kuuza kwa bei ambayo mwalimu au karani anaimudu.

Kukatizwa kwa wingi huo wa karatasi ndiko kulikomfanya Millet akasirike mwishoni. Mwaka 1869 mchapishaji Lemerre wa Paris alitoa kitabu cha tungo 42 za washairi wa Kifaransa, kila mmoja na picha yake iliyochapwa kwa bamba, na Millet alitoa bamba la mwanamke wa Auvergne anayechunga huku anasokota uzi. Mpango ulikuwa kuchapa nakala 350, halafu mabamba yote yaharibiwe ili kitabu kiwe adimu na bei isimame. Millet alimwandikia rafiki yake Alfred Sensier kwamba aliona kuharibu mabamba ni ukatili na ushenzi, na kwamba hakuwa mjuzi wa biashara kiasi cha kuelewa faida yake. Akaongeza kwamba kama Rembrandt na Ostade wangetoa bamba moja moja kwa kitabu hicho, nayo yangeteketezwa.

Mfano huo hakuuchagua ovyo. Shaba ina ukomo wake yenyewe. Kila inapofutwa na kupita mashineni mistari hulika kidogo, ile hafifu ya mbali hutangulia kufa, na baada ya nakala mia kadhaa jicho la mzoefu huona uchovu. Kuna mabamba ya Rembrandt yaliyochapwa tena na tena na watu wengine kwa vizazi baada ya kifo chake, na nakala hizo za mwisho, hata zikiwa zimefifia, zimeingia katika nyumba ambazo zisingeweza kabisa kununua za mwanzo. Mtu anayewachora waokota masazo hawezi kukubali kirahisi kwamba kitu kizuri kivunjwe makusudi ili wachache wakihodhi. Bamba la yule msokota uzi lilivunjwa hata hivyo, likiwa bado lina nguvu ya kuchapa.